Barua Iliyotaja Kinyesi cha Ng'ombe

Juzi kijana mmoja wa Kewanja alipanda bodaboda mpaka kwangu, akasema shikamoo, akaninyooshea simu. Alikuwa anaomba kazi ya stoo mgodini na alitaka nimkagulie barua. Nikavaa miwani. Barua ilisema yeye ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, na yuko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote.

"Umewahi kutunza nini?" nikamwuliza.

"Babu, sijawahi kuajiriwa."

"Sikukuuliza kuajiriwa. Nimekuuliza kutunza."

Akakuna kichwa. Akasema kaka yake ana duka la spea za pikipiki pale Nyamongo, na kaka akisafiri yeye ndiye hubaki nalo. Nikamwuliza hujuaje kama kitu kimepotea. Akanieleza vizuri sana, mpaka na jinsi anavyotundika minyororo ili ule ulioondolewa uache pengo linaloonekana tangu mlangoni.

"Mbona haya hayamo kwenye barua?"

"Hiyo si kazi, babu. Hiyo ni nyumbani tu."

Maneno hayo hayo, nyumbani tu, niliwahi kuyasikia nikiwa kijana, kwa mwanamke aliyekuwa na kitu kikubwa cha kupoteza. Ndiyo maana nawaandikia, ninyi mnaohangaika na barua za kazi. Nimeandika barua za watu sehemu kubwa ya maisha yangu. Najua ipi hujibiwa na ipi hufungiwa maandazi.

Nilianza miaka ya ujamaa, mjini Tarime, kwenye baraza ya fundi cherehani karibu na soko. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nafasi ya sekondari sikupata. Nilinunua taipureta kuukuu ambayo herufi yake ya k ilikuwa inaruka juu ya wenzake kama ndama. Hakuna aliyenifundisha. Nilifunika mikono kwa kanga ya mama yangu nikajizoeza bila kutazama, mpaka vidole vikajua njia.

Lakini niwaambie ukweli, nilikuwa mwoga. Kila barua iliyotoka mikononi mwangu niliitilia shaka. Niliisoma, nikaisoma tena, na mteja akishaondoka nilihisi nimeacha kosa mahali. Siku moja nililikimbilia basi la Musoma nikipunga mikono, watu wakadhani nimeibiwa. Dereva akasimama. Nikapanda, nikamwomba mama mmoja barua yake, nikaweka nukta niliyoisahau, nikashuka. Basi zima likapiga kelele.

Niliporudi, Mzee Okech alikuwa ananisubiri kwa kicheko. Yeye alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, Mjaluo wa Shirati, na taipureta yake ilikuwa jirani na yangu pale barazani.

"Nyathina," akasema, maana aliniita mwanangu kwa lugha yao, "hiyo nukta itamfanyia kazi gani yule mama?"

"Bila nukta sentensi haijaisha, mzee."

"Na kazi je, imeanza?"

Hivyo ndivyo alivyonifundisha, kwa kunichokoza. Nilipoandika "Kichwa cha habari hapo juu chahusika," akaniuliza kama kuna siku nimewahi kuandika kichwa kisichohusika. Nilipojaza ukurasa kwa maneno makubwa, akaniuliza mwenye barua anafanya kazi gani, na nikishindwa kumjibu hapo hapo, akasema hata bwana mkubwa atashindwa.

Kulikuwa na mzee wa Natta aliyetaka ulinzi kwenye kambi ya watalii. Alinisimamia akitamka, nami nikichapa kila neno kwa sababu niliogopa kumkata mtu mzima. Akamsalimia mzungu mwenye kambi, mke wake, watoto wake, ng'ombe wake kama anao, akauliza mvua kwao imenyesha vipi. Tulipofika kwenye ulinzi karatasi ilikuwa imekwisha. Barua haikujibiwa. Aliporudi, Mzee Okech akamwambia, "Mzee mwenzangu, huyo mzungu bado anajibu salamu." Safari hiyo tulianza na jinsi anavyotambua, kwa kutazama nyasi asubuhi, kama kilichopita karibu na hema ni fisi au ni mtu. Alijibiwa.

Kosa kubwa la kwetu, hata hivyo, halikuwa salamu. Lilikuwa shida. Mnajua adabu yetu. Ukienda kwa ndugu kumwomba ng'ombe wa maziwa, hujisifu. Unaeleza njaa ya watoto, unaeleza mwaka mbaya, na yeye anayesikia anaona aibu kukuacha uondoke mikono mitupu. Kwa kuwa kazi nayo huombwa, watu walileta adabu ile ile ofisini. Barua zangu za mwanzo zilikuwa na vifo, mafuriko na magoti yanayouma. Mimi mwenyewe niliamini kwamba barua iliyonitoa machozi ndiyo barua nzuri.

Aliyenitoa huko aliitwa Robhi.

Alikuja siku ya mnada, mwanamke kijana mwenye bangili nzito ya shaba, akimwongoza bibi mwenye fimbo na kikopo cha ugoro. Bibi huyo ni Bhoke. Nikawasalimu, nikawapa benchi. Robhi akasema wameona tangazo ukutani: ghala la mazao la pale mjini linatafuta mtunza ghala msaidizi. Mwombaji ajue kusoma na kuandika, na kama ni mwanamke aliyeolewa alete barua ya mumewe ya kumkubalia. Kusoma alikuwa amejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na cheti anacho.

"Vizuri," nikasema. "Mume yuko wapi?"

Bibi Bhoke akagonga fimbo chini. "Huyu hapa. Mimi."

Msomaji wa mbali asishangae. Kwetu Wakurya, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, ili nyumba yake isizimike. Tunaita nyumba ntobhu. Mke anazaa, na watoto ni wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la nyumba ile. Shangazi yangu mwenyewe alioa hivyo. Kwa hiyo si jambo hilo lililonitisha. Kilichonitisha ni kwamba bwana ghala, mkuu wa pale, alikuwa mtu wa Tanga, asiyejua mila hii.

Robhi akanieleza kilichowaleta. Walipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, shamba lao la zamani lilibaki mbali na ghala lao lilibomolewa. Mwita, mdogo wa marehemu mume wa Bibi Bhoke, akasimama kwenye kikao cha ukoo akasema wanawake wawili hawawezi kusimamisha nyumba mahali papya. Wakipungukiwa kabla ya mavuno, atachukua ndama na watoto awapeleke bomani kwake. Ukoo ukanyamaza, na kunyamaza kwa ukoo ni kukubali. Mavuno yalikuwa bado mbali. Mshahara ungewavusha.

"Nikiwakosa watoto," Robhi akasema, "mama huyu ng'ombe wake watakuwa wametoka bure, na mimi nitakuwa nimeolewa na hewa."

Nikaingiza karatasi. Karatasi nyeupe miaka ile ilikuwa ya kutafuta, na nilikuwa nazo chache. Nikachapa barua iliyonisisimua mwenyewe: mjane, kuhamishwa, ghala kubomolewa, watoto kunyang'anywa. Nikampa Robhi asome. Akaisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mistari.

"Hii inamwambia anionee huruma," akasema.

"Ndiyo."

"Akishanionea huruma atanipa debe la mahindi, niende nalo nyumbani. Mimi nataka ufunguo wa ghala."

Mzee Okech akaacha kuchapa. Akageuza kiti chake kizima kututazama.

Nikajikaza. "Basi niambie umefanya kazi gani."

"Sijafanya kazi. Mimi niko nyumbani tu."

"Nyumbani tu!" Bibi Bhoke akadakia kwa Kikurya. "Mwaka ule wa ukame nyumbani kwa Mwita walikula mbegu. Sisi tulikula nini?"

"Ulezi, mama."

"Tulikula ulezi mpaka ulezi mpya ukaiva. Na mbegu ilibaki. Mwambie kijana ulifanyaje, usikae hapo kama bibi harusi."

Basi Robhi akasema, huku mikono yake ikionyesha. Kila alipotoa chakula alifunga mdomo wa ghala kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe, akakigandamizia bangili yake kikabaki na alama. Kikikauka, hakuna mtu awezaye kufungua bila kuvunja, na hakuna awezaye kuziba tena akapata alama ile, kwa sababu bangili ina pengo upande mmoja na haivuliwi mkononi. Alipima kwa kibuyu kimoja tu, hakubadilisha, hata wageni walipokuja. Wageni walipokuja, yeye ndiye alikula kidogo.

"Andika hayo," Mzee Okech akaniambia.

"Kinyesi, mzee? Kwenye barua ya serikali?"

"Una neno lingine?"

Nilijaribu. Nilichapa "malighafi ya asili," nikaona haya, nikaichomoa karatasi. Nilichapa "udongo maalumu," nikaona ni uongo, nikaichomoa. Mzee Okech akahesabu kwa macho karatasi zilizobaki akaguna. "Nyathina, unaandika barua au unanyoa yai?" Nikachapa kinyesi cha ng'ombe, na ile k ikaruka juu kuliko siku zote.

Ikabaki barua ya mume. Hapo Mzee Okech mwenyewe akashawishika na njia ya mkato. "Andika tu Ndugu Bhoke," akasema. "Siku hizi wote ni ndugu. Ndugu hana sketi wala suruali. Huyo wa Tanga atajuaje kwamba Bhoke ni jina la kike?"

Nilipenda shauri hilo. Lilinipunguzia hofu. Nikamtafsiria Bibi Bhoke. Akafungua kikopo, akavuta ugoro, akapiga chafya, akapangusa pua.

"Ng'ombe nilitoa mimi," akasema. "Nilitoa mchana, ukoo mzima unatazama. Leo nijifiche ndani ya karatasi? Na Mwita akienda kwa bwana huyo akasema mume ni mwanamke na mmedanganya, nani atakuwa mwizi?"

Mzee Okech akainua mikono. "Nimeshindwa kesi."

Kwa hiyo tuliandika wazi. Nawanukulia, maana naikumbuka:

"Mimi Bhoke ndiye mume wa mwombaji. Kwa mila yetu, mama asiye na mtoto wa kiume huoa mke kwa ajili ya nyumba yake, nami nimemwoa huyu kwa ng'ombe wangu. Namkubalia kufanya kazi. Sikubali kwa kuwa tuna njaa. Nakubali kwa kuwa nilimpa ghala langu mwaka wa ukame akanirudishia na mbegu. Nimeweka dole gumba"

Nilitaka kumalizia na "wako katika ujenzi wa taifa," kama wote tulivyofanya. Bibi Bhoke akauliza maana yake. Nilipomweleza akasema hilo bwana analijua, tusimpotezee muda.

Waliitwa. Nikaenda nao kama mkalimani, kwa sababu Kiswahili cha Bibi Bhoke kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Bwana ghala alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na mezani kwake barua zilikuwa kichuguu.

"Karibuni, ndugu," akasema. Akaweka kiganja juu ya kile kichuguu. "Humu ndani wote ni waaminifu. Sikujua wilaya hii ina waaminifu wengi hivi, maana magunia yangu yanapungua kila wiki." Kisha akainua karatasi moja aliyokuwa ameiweka kando. "Na hii moja ina kinyesi cha ng'ombe."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Nieleze hicho kinyesi," akamwambia Robhi.

Robhi akamweleza, na bangili akamwonyesha. Bwana akalitazama lile pengo kwa makini.

"Sisi hapa tuna kufuli."

"Kufuli linasema mlango umefungwa," Robhi akajibu. "Halisemi kama katikati hapo mtu aliufungua."

Bwana akamgeukia Bibi Bhoke. "Bibi, shikamoo. Nimesoma barua yako. Kwetu Tanga hatuna jambo hili."

Nikatafsiri. Bibi akauliza, "Kwao wana nini?"

"Anauliza kwenu mna nini."

"Tuna minazi," bwana akasema, akitabasamu kidogo.

"Basi kila mtu na mali yake," bibi akajibu.

"Nauliza kwa nia njema. Nisije kumwajiri, kesho akatokea mwanamume akasema yeye hakuulizwa."

Bibi Bhoke hakungoja nimalize kutafsiri. "Atatokea. Anaitwa Mwita. Akija, muulize ng'ombe alitoa nani."

Nilitafsiri hivyo hivyo bila kulainisha, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile sikuogopa nilichosema. Kilikuwa kweli na kilikuwa kimeandikwa. Bwana hakuwa na kitu cha kugundua nyuma yetu.

Akamrudia Robhi. "Nikikupa ghala leo, la kwanza utafanya nini?"

"Nitafagia."

"Wafagiaji wapo."

"Nitafagia mwenyewe, jioni, kila mtu akishatoka. Asubuhi nikikuta punje sakafuni, nitajua gunia limeguswa, na nitajua ni lipi, maana punje haziruki mbali. Nikiona mavi ya panya, ni panya. Nisipoyaona, ni ndugu."

Bwana ghala alicheka mpaka akavua miwani. Akasema aanze Jumatatu, kwa majaribio, mpaka mavuno. Tulikuwa tumesimama kuondoka nilipoiona barua ya mume pale mezani, na baada ya "dole gumba" hapakuwa na nukta. Nikaomba niirekebishe.

"Nukta gani?" akauliza bwana.

Nilimtazama Robhi aliyekuwa ameshafika mlangoni, mwenye kazi yake, nikasema, "Basi."

Majaribio hayo hayakuisha kwa kurudishwa nyumbani. Robhi alikaa pale miaka mingi, na mimi nilibadilisha kazi yangu. Tangu siku ile kila aliyeketi kwenye benchi langu nilimwuliza swali moja kabla sijaingiza karatasi: umetunza nini? Aliyesema ng'ombe, nilimwuliza humjuaje anayeumwa kabla hajalala chini. Aliyesema watoto, nilimwuliza huwatulizaje wakigombana. Jibu lilipokuja na mikono, nilichapa. Lilipokuja na mdomo tu, nilingoja. Na kama kulikuwa na jambo ambalo mwajiri angelishangaa, tuliliweka wazi kwa sentensi moja au mbili, kisha tukarudi kwenye kazi. Jambo ulilolisema mwenyewe mtu hawezi kukuchongea nalo.

Hayo ndiyo niliyomwambia kijana wa Kewanja. Akafuta mchapakazi, akafuta mazingira yoyote, akaanza na minyororo ya pikipiki na lile pengo. Alikaa kwenye ngazi yangu vidole vikienda haraka kuliko taipureta yoyote. Sikumwambia kwamba alisahau nukta mbili. Nilijitahidi sana, lakini sikumwambia.

Mwita? Alifika mavuno yalipokaribia, kama alivyotishia, pamoja na wazee wenzake wawili wa rika lake wawe mashahidi. Robhi ndiye aliyenisimulia. Bibi Bhoke alikuwa ameketi mlangoni na kikopo chake cha ugoro, ndama wamefungwa, watoto wanakula, na ghala jipya limezibwa na kuwekwa alama ya bangili.

"Shemeji," Mwita akasema, "nimekuja kuiangalia nyumba ya kaka yangu."

"Karibu, shemeji. Nyumba ina mume, ndiye mimi. Ina mke, yuko kazini. Wewe unaomba nafasi gani?"

Mwita akasema hapana, yeye amekuja tu kuona kama kuna haja ya mtu wa kuitunza.

"Aa, kutunza," Bibi Bhoke akasema, akavuta ugoro taratibu. "Hiyo nenda mjini, kwa yule kijana wa taipu. Akuandikie barua. Useme mwaka wa ukame ulitunza nini."

Wa kwanza kucheka walikuwa wale mashahidi wake. Mwita alipita mbele ya baraza yangu siku nyingi za mnada baada ya hapo, lakini kwenye benchi langu hakuwahi kuketi.